Pawatila imegoma kuwaka: usinunue nozeli kabla ya kupima kompresheni

Pawatila ikigoma kuwaka katikati ya msimu, kitu cha kwanza kununuliwa huwa nozeli. Ikigoma tena, inanunuliwa pampu ya dizeli. Ikiendelea kugoma, fundi anatamka neno ovahoo, na fedha iliyotengwa kwa ajili ya mbolea inaishia dukani kwa spea. Pawatila ninayoichambua hapa, ya mkulima wa mpunga wa Ubaruku wilayani Mbarali, ilikuwa imefika hatua hiyo ya tatu. Nozeli mpya imefungwa, pampu mpya imefungwa, na bado vijana walikuwa wakipokezana hendeli asubuhi nzima huku ekzosi ikitoa moshi mweupe tu. Nimeichagua kwa sababu kasoro yake ni ya kawaida sana, na ingeweza kugunduliwa siku ya kwanza bila senti kutumika.

Injini yenyewe ni ile ya Kichina ya aina ya S195, inayojulikana vizuri na kila fundi wa mashamba ya mpunga. Ina silinda moja iliyolala, kipenyo chake milimita 95, na pistoni inasafiri milimita 115. Inatoa nguvu ya farasi 12 kwa mizunguko 2000 ya dakika, na inapozwa na maji yanayochemka taratibu katika tangi lililo wazi juu yake. Plagi haina. Dizeli inawashwa na joto la hewa peke yake: pistoni inaibana hewa hadi ibaki karibu sehemu moja ya 20 ya nafasi iliyokuwa nayo, na hapo joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi. Hewa ikipata pa kutorokea, hata kama ni upenyo mwembamba, joto hilo halifikiwi. Dizeli inaingia, inageuka mvuke, na inatoka nje bila kuwaka.

Kwa hiyo ule moshi mweupe, wenye harufu kali ya dizeli na unaowasha macho, ulikuwa ushahidi kwamba mafuta yalikuwa yanafika silindani. Ni kweli kwamba nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza huleta moshi kama huo, na siwalaumu wanaoishuku. Lakini nozeli ilipobadilishwa na moshi ukabaki vilevile, hapakuwa na sababu ya kukimbilia pampu. Hapo ndipo ilipotakiwa kuulizwa habari ya kompresheni.

Kipimo chake ni mkono. Funga dizeli, achia wenzo wa kupunguza kompresheni urudi mahali pake, kisha zungusha flaiwili polepole. Injini isiyo na kasoro inakataa: unafika mahali flaiwili inakusukuma kurudi nyuma, na ukiing'ang'ania inabaki nzito kwa muda. Ya Ubaruku ilikataa kidogo tu, halafu ikalegea na kupita, na sauti ya upepo mwembamba ikasikika. Uzito ulikuwepo, ila haukudumu.

Hewa ya silinda hii ina njia nne za kutorokea. Inaweza kupita kando ya ringi na kutokea kwenye matundu ya kupumulia ya injini. Inaweza kupita kwenye valvu ya kuingiza, na hapo utaisikia kwenye chujio la hewa. Inaweza kupita kwenye valvu ya kutolea, ikasikika ndani ya ekzosi. Au gasketi ya hedi imekufa, na mapovu yanapanda kwenye maji ya tangi. Fundi aliyeitwa safari hii alianza na ringi: alimimina mafuta kidogo ya injini kupitia njia ya kuingizia hewa, akazungusha injini mara kadhaa huku wenzo umeinuliwa ili mafuta yasambae, maana silinda iliyolala huyaacha yatuame upande wa chini. Baada ya hapo akapima tena. Ringi zikiwa zimechoka, mafuta huziba pengo kwa muda na uzito wa flaiwili hurudi. Haukurudi. Maji ya tangi yalitulia bila povu. Akaweka sikio karibu na mdomo wa ekzosi, msaidizi akasukuma flaiwili, na sauti ikatoka hapo hapo. Hakuwa amefungua hata nati moja, na tayari alijua kwamba valvu ya kutolea haifungi.

Kifuniko cha rokaa kilipotolewa, maelezo yakakamilika. Pistoni ikiwa mwisho wa safari yake ya kubana, alama ya flaiwili ikiwa mkabala na alama ya kwenye tangi, rokaa zote mbili zinatakiwa kuwa na mchezo kidogo: milimita 0.35 kwa valvu ya kuingiza na 0.45 kwa ya kutolea, injini ikiwa baridi. Ya kuingiza ilikuwa na mchezo wake. Kwenye ya kutolea, hata fila ya kupimia nafasi iliyo nyembamba kuliko zote haikupenya. Rokaa ilikuwa inaikandamiza valvu muda wote.

Hapa wengi wanapotea. Tumezoea kwamba chuma kikilika nafasi inaongezeka, lakini kwenye valvu mambo huenda kinyume. Kiti cha valvu kinapolika, valvu inazama zaidi ndani ya hedi, mkia wake unatokeza zaidi upande wa rokaa, na nafasi inapungua mpaka kwisha. Nafasi ikiisha, valvu haikai tena kwenye kiti. Na kiti ndicho njia yake kubwa ya kupoteza joto: valvu ya kutolea inapigwa na moto kila mara, na kule kugusana na hedi kwa muda mfupi kila inapofunga ndiko kunakoiokoa. Kwa mizunguko 2000 inafunguka mara 1000 kila dakika. Ikikosa kugusa kiti vizuri, ukingo wake unaanza kuungua, gesi ya moto inapita pale palipoungua, na kidonda kinapanuka.

Kwa sababu hiyo kulegeza skrubu ya rokaa tu kusingetosha, ingawa ni jambo linalovutia mtu mwenye haraka ya kurudi jarubani. Hedi ilifunguliwa. Ukingo wa valvu ulikuwa na pengo lililoliwa na moto, na valvu ya namna hiyo haisagwi, inatupwa. Mpya ilisagwa kwenye kiti kwa pesti nzito, kisha kwa pesti laini, mpaka ikaonekana pete ya kijivu isiyokatika kuzunguka ukingo mzima. Ya kuingiza nayo ilisagwa kidogo. Baada ya kuzifunga na springi zake, fundi alijaza mafuta ya taa kwenye njia za hedi na kuiacha kwa muda. Upande wa valvu ulibaki mkavu. Kipimo hiki cha mafuta ya taa mafundi wenye haraka hukiruka, na kwangu ndicho kinachotenganisha kazi iliyokwisha na kazi ya kubahatisha. Laina ya silinda haikuwa na ngazi ya kulika upande wa juu, kwa hiyo pistoni na ringi zake ziliachwa kama zilivyo, na hapo ovahoo ikafutwa.

Gasketi ya hedi iliwekwa mpya, nati zikakazwa kwa zamu, kila moja na ile iliyo mkabala nayo. Injini iliwaka, ikaachwa ichemke, ikapoa, na nafasi za valvu zikapimwa upya, kwa kuwa gasketi mpya hujibana na kuzibadilisha. Chujio la hewa, lililokuwa na tope mahali pa mafuta kutokana na vumbi la kuvuta tela la mpunga, lilisafishwa na kujazwa mafuta mapya. Vumbi lilichangia kula viti, ila kosa kubwa ni kwamba tangu mashine inunuliwe hakuna aliyewahi kupima nafasi hizo. Ni kazi ya fila moja na spana mbili, na inafaa kufanywa kabla ya kila msimu wa kulima.

Wewe unayemiliki pawatila, fundi akikutuma dukani, muulize kwanza: kipimo gani kimeonyesha kwamba kifaa hiki ni kibovu? Kama hana jibu, mwombe azungushe flaiwili mbele yako kabla hujatoa fedha.