Mlinzi wa Jando: Neno juu ya Insha ya Askofu Lucas

Katika mwaka 1928 Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alitoa kwa Kiingereza insha juu ya njia ya Mkristo katika mila zisizo za Kikristo, ndani ya kitabu alichokikusanya E. R. Morgan. Insha hii yasifiwa sana, na sifa zake ni haki. Katika siku ambazo wengi walidhani ya kuwa jando ni uchafu mtupu, yeye alisema mtu hana haja ya kufanywa Mzungu ili awe Mkristo. Lililo jema lishikwe, lisilo na ubaya liachwe lilivyo, lililo baya liondolewe. Na palipokuwa na maombi kwa wahenga, pawekwe sala za Kanisa.

Lakini hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Insha yasema mengi juu ya mafunzo ya jando, na machache mno juu ya ulinzi wake. Wazee wa Newala na Masasi hawakuanza na mafunzo. Walianza na hofu: mtoto atalala porini na jeraha, mbali na mama yake, nani atamlinda? Ndiyo sababu Myao alimwaga unga chini ya mti wa msolo, na Mmakonde akawakumbuka mahoka. Ukiondoa unga ule umeondoa mlinzi, wala si pambo.

Tena kuna jina. Wengi wetu tulifundishwa kuwaita mizimu kwa neno moja tu, mashetani. Neno hili lachanganya adui na babu.

Nimeona kitu kama hiki katika habari za Wabuddha wa Tibet. Wao wana walinzi wa dini yao wenye sura za kutisha: Mahakala huchorwa mweusi, amevaa taji la mafuvu, moto umemzunguka. Mgeni akiona humdhania ibilisi. Kumbe ukali wake ni juu ya wenye kuidhuru dini, si juu ya mwenye kusali. Na wengi wa walinzi hao walikuwa mizimu ya nchi ile zamani. Wasimulia ya kuwa katika karne ya 8, nyumba ya watawa ya Samye ilipojengwa, mizimu ilibomoa usiku yaliyojengwa mchana. Akaitwa Padmasambhava kutoka upande wa Bara Hindi. Hakuifukuza yote, mingi aliilisha kiapo, akaipa kazi. Pehar akawekwa mlinzi wa hazina za Samye.

Sisemi Kanisa lingefanya vivyo. Mkristo hawezi kumlisha marehemu kiapo, na Askofu alilijua hilo. Ila Padmasambhava alijibu swali ambalo insha imelipita: wale waliolinda jana, leo wako wapi? Watibet waliambiwa, Wako langoni. Watu wetu hawakuambiwa neno. Walipewa msalaba, nao ni mlinzi wa kweli. Lakini babu zao wakaachwa njiani, si adui wala si rafiki.

Na dawa ilikuwa karibu. Kanisa lile lile la Masasi huwaombea marehemu kila tarehe 2 Novemba. Kama majina ya wazee wa ukoo yangalisomwa siku wana waingiapo jandoni, wakaombewa badala ya kuombwa, naona insha ingalikuwa kamili.

Mimi nilitiwa jando la Kanisa. Alfajiri ile mjomba wangu, Mkristo mwenye kushika sana ibada, alitoka nyuma ya nyumba na kibakuli cha unga wa mtama, akarudi nacho kitupu, kisha tukafuatana kwenda kusali. Sikumwuliza. Lakini tulipotoka kanisani alimshika mwalimu mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Je, Padre amewataja?"