Si kila kosa la kisayansi huiharibu filamu

KUNA mtindo wa uhakiki ulioshika kasi: mtu hutazama filamu ya bunilizi ya kisayansi huku akiwinda makosa. Hapa nguo ya mhusika imebadilika ghafla, pale chombo kinanguruma angani pasipo hewa ya kubeba sauti. Akishayaorodhesha, huona kaihakiki filamu. Lakini kuorodhesha si kuhakiki.

Tuchukue mfano wa nyumbani. ‘Pumzi’ ni filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu iliyotoka 2009. Asha, mhifadhi wa makavazi, anaishi katika jamii iliyojifungia ndani miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji. Kila tone lina hesabu; hata jasho na mkojo husafishwa, vikanywewa tena. Siku moja analetewa udongo na mtu asiyejulikana, anapanda mbegu humo, inaota, naye anatoroka kwenda kuupanda mche jangwani.

Shtaka la kwanza: kama miti imeisha, Asha anapumuaje huko nje? Hapa aliyekosea ni mshtaki. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, na akiba hiyo ni kubwa mno kuisha kwa miaka 35. Kisanaa pia, pumzi yake jangwani inawaumbua watawala wanaoshikilia kuwa nje hakuna uhai.

La pili: kunywa mkojo uliosafishwa. Wanaanga wanafanya hivyo. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kuwa kituo cha anga za juu kimeweza kurejesha asilimia 98 ya maji.

La tatu ni zito kidogo. Mche uliopewa maji machache na jasho la Asha unakuwa mti mbele ya macho yetu. Mtaalamu wa mimea atacheka. Hata hivyo, Aristotle alishatoa hukumu katika ‘Poetics’: kutojua kwamba paa jike hana pembe ni kosa dogo kuliko kumchora asitambulike. Mti ule umechorwa ukatambulika; muda umefupishwa ili tuone thamani ya kujitoa kwa Asha.

Kosa lisilosameheka ni la umeme. Wakazi huuzalisha kwa kukimbia juu ya mashine. Mwili hugeuza takriban robo tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto, na joto hupozwa kwa jasho. Mkazi wa Likoni au Kisauni anayenunua maji kwa mtungi hahitaji shahada ya fizikia kuling’amua hili. Amemwona msukuma mkokoteni akifika mlangoni kalowa chapachapa, naye anataka maji ya kunywa kabla hajashusha mitungi. Hata jasho lote likikusanywa, kulisafisha kunataka umeme uleule, na chakula cha wakimbiaji kinataka maji kukuzwa. Hivyo jamii inayohesabu matone inachagua njia ghali kuliko zote, ilhali jua la jangwa liko juu yake. Filamu imevunja sheria yake yenyewe.

Lipo na suala la lugha. Kibandiko cha mbegu kinasema neno la Kikuyu ‘maitu’, yaani mama, limetokana na ‘ukweli’ na ‘wetu’. Nusu ni sawa: ‘-itu’ ni ndugu wa ‘-etu’ yetu. Lakini kuunganisha jina la jamaa na kimilikishi ni desturi ya Kibantu. Waswahili husema ‘mamaye’ na ‘mwanangu’. Maana iliyo karibu zaidi, basi, ni ‘mama yetu’. Ufafanuzi wa filamu unapendeza kama ishara, ila mwanafunzi asiunukuu kama isimu.

Kwa hiyo, mhakiki akiona kosa asiishie kuuliza kama kitabu cha sayansi kinalikataa. Aulize pia: je, linavunja kanuni za ulimwengu ambao msanii mwenyewe ameubuni? Kwa kipimo hiki ‘Pumzi’ ina doa moja kubwa, na bado inastahili kutazamwa.