Dungu Lisilokuwapo: Huzuni katika Angelus ya Millet

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kulitumia neno mandhari kana kwamba shamba ni pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Angelus (1857–1859), mchoro wa Jean-François Millet uliopo katika Makumbusho ya Orsay, Paris, hauvumilii matumizi hayo. Mwanamume na mwanamke wamesimama kwenye uwanda wa Chailly jua likizama, vichwa vimeinama. Uma wa kulimia umechomekwa ardhini, kikapu cha viazi kiko miguuni pao, toroli lenye magunia liko nyuma ya mwanamke. Nyuso zimo kivulini, hazisomeki. Huzuni ya mchoro, basi, haitoki usoni.

Inatoka wapi? Wapo waliouona uchaji Mungu, wapo walioiona dhiki ya mvuja jasho, usomaji ambao wahakiki wetu wa kitabaka wangeukimbilia upesi. Msomaji aliyelelewa Mtunda, Kibiti, huenda akatafuta kwanza dungu. Katika bonde la Rufiji, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia huishi msimu wa mpunga ikilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Jua linapozama, mkulima yuko kwake. Uhamisho wa mwishoni mwa miaka ya 1960, uliowatoa watu bondeni na kuwapeleka vijiji vya ujamaa, ulikuwa mzito kwa sababu hiyo hasa: ulitenganisha shamba na makazi. Uwanda wa Millet hauna kibanda. Mnara wa kanisa ni kijiti tu kwenye upeo wa macho. Wawili hawa wana kazi hapa, hawana kwao.

Salvador Dalí alishikilia kwamba wanazika mtoto. Alinusa vyema, lakini aliyaweka mauti udongoni, ilhali Millet aliyaweka katika sauti. Mwaka 1865 mchoraji alieleza kuwa alimkumbuka bibi yake, ambaye kila kengele iliposikika aliwasimamisha kazi ili wawaombee marehemu. Jina la mchoro ndilo linaloibeba kengele hiyo. Bila jina, macho hubaki na viazi.

Hapo ndipo mfasiri hukwama. “Sala ya Magharibi” lingesikika vizuri Rufiji, lakini lingeleta udhu na kibla visivyomo, na kuwaondoa wafu waliomo. “Kengele ya Jioni” lina nafuu, ingawa hata humo marehemu hawasikiki.