Kituo, Nyuso na Umati: Mandhari katika Shairi la Ezra Pound

Utangulizi

Wahakiki wengi waliolishughulikia shairi la Ezra Pound liitwalo "In a Station of the Metro" wamelisifu kwa ufupi wake. Lilichapishwa mwaka 1913 katika jarida la Poetry la Chicago, nalo lina mistari miwili yenye maneno 14 tu, bila kuhesabu anwani. Mstari wa kwanza wahusu nyuso za abiria. Wa pili wahusu maua na mti. Aghalabu husemwa kuwa kituo cha treni katika shairi hili ni giza tu, linalosaidia uzuri wa nyuso kung'aa. Makala haya yanapinga maoni hayo. Tunadai kwamba kituo ndicho kiini cha fani ya shairi hili, na kwamba papo hapo penye ubora wake wa kifani ndipo ulipo pia upungufu wa maudhui yake.

Kituo na Fani

Kituo chenyewe kinajulikana. Katika insha aliyoitoa mwaka 1914, Pound alieleza kuwa miaka mitatu awali aliteremka treni katika kituo cha Concorde, jijini Paris, akaona ghafla uso mzuri, kisha mwingine, kisha wa mtoto, kisha wa mwanamke. Alitunga shairi la mistari 30, akaliharibu. Miezi sita baadaye alitunga jingine la nusu ya urefu huo, na baada ya mwaka mmoja akaipata mistari hii miwili.

Kituo cha Concorde kilifunguliwa mwaka 1900, kwenye njia ya kwanza ya metro, yaani reli ya chini ya ardhi. Mwaka 1910 njia ya kampuni nyingine, Nord-Sud, ilipitishwa hapo, na ya tatu ikafuata mwaka 1914. Leo njia nambari 1, 8 na 12 hukutana katika kituo hicho. Kwa hiyo wengi wanaoshuka hapo hawakukusudia kufika hapo. Wanaacha treni moja ili wapande nyingine.

Hali hiyo ndiyo inayolijenga shairi. Baina ya mistari yake miwili hapana kitenzi, wala neno la kulinganisha kama vile "mithili ya". Msomaji huteremshwa penye nyuso, naye hana budi kuvuka mwenyewe hadi penye maua, kama abiria anayetembea ujiani kutoka njia moja ya reli hadi nyingine. Anwani nayo si jina tu, bali ni mstari wa tatu. Ukiiondoa, nyuso hazina mahali, na maua yanabaki kuwa pambo.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuistaajabia mbinu hii. Mjadala wa wanajadi, walioshikilia kanuni alizozieleza Amri Abedi mwaka 1954, na wanausasa, waliovutiwa na Kichomi (1974) ya Kezilahabi, hautufikishi mbali hapa. Shairi hili halina vina wala mizani ya kwetu, lakini muundo wake si mgeni. Methali "Maji ya kifuu, bahari ya chungu" huviweka vitu viwili sambamba, bila kitenzi, ikamwachia msikilizaji kazi ya kuviunganisha. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Maji ya kifuu ni bahari kwa sababu methali imekubali kutazama kwa macho ya chungu. Pound hakubali kutazama kwa macho ya abiria wake.

Nyuso na Maudhui

Nyuso za Pound hazitazami. Hazina majina, safari wala sauti. Yaweza kujibiwa kwamba ndivyo kituo kilivyo, na kwamba shairi la maneno 14 haliwezi kudaiwa mambo ya riwaya. Jibu hilo lina uzito. Lakini historia ya kituo hiki hairuhusu tuliachie hapo.

Tarehe 17 Oktoba 1961, Waalgeria waliokuwa wakiishi Paris waliandamana kwa amani kupinga amri iliyowakataza wao kutembea usiku. Polisi waliokuwa chini ya Maurice Papon waliwakamata zaidi ya watu 11,000. Wengi waliuawa, na miili ikatupwa katika mto Seine. Mpigapicha Élie Kagan alipiga picha za Waalgeria waliokamatwa katika kituo hicho hicho cha Concorde. Nyuso hizo pia zilizuka ghafla katika umati, na polisi aliyezitazama hakuhitaji majina, sura ilimtosha. Hatusemi kuwa shairi la 1913 lina hatia ya mwaka 1961. Tunasema kuwa kutazama bila kutazamwa si jambo lisilo na upande.

Mwaka 1991 kituo hicho kilipata matini nyingine. Kuta za njia nambari 12 zilifunikwa kwa vigae vya msanii Françoise Schein, vinavyobeba Azimio la Haki za Binadamu na za Raia la 1789. Kila kigae kina herufi moja, na maneno yameunganishwa bila nafasi. Katika chapa ya 1913, Pound alitenga mafungu ya maneno yake kwa nafasi pana ili kila taswira ionekane peke yake na kwa haraka. Ukuta wa Schein unafanya kinyume: anayeutupia jicho mara moja haambulii kitu. Anayetaka kujua umesema nini lazima asimame, aachie treni ipite, asome herufi moja baada ya nyingine.

Hitimisho

Shairi la Pound limefaulu kuugeuza mwendo wa kituo kuwa muundo wa lugha, na kwa hilo litaendelea kustahili kufundishwa. Mandhari yake si pambo, ndiyo hoja yenyewe. Lakini mwanafunzi anayeulizwa kuhusu taswira aulizwe pia ni nani anayetazama, na ni nani aliyenyimwa nafasi ya kutazama. Methali ya chungu imekwisha kutufundisha kuuliza hivyo.