Sifa za Fundi Viatu wa Misheni

Katika historia ya misheni za Kikristo wanaokumbukwa ni waliohubiri, waliotafsiri Biblia na waliofia ugenini, na hata inapozungumziwa huduma kwa wagonjwa wa ukoma, jina linalotangulia ni la Padre Damien, Mbelgiji aliyeingia Molokai, katika visiwa vya Hawaii, mwaka 1873, akaishi na wagonjwa hadi ukoma ulipomuua mwaka 1889. Heshima hiyo anaistahili. Lakini katika makazi ya wagonjwa yaliyofunguliwa na wamisheni, kama Bwama, kisiwa cha Ziwa Bunyonyi, Uganda, kilichoendelezwa na Daktari Leonard Sharp wa misheni ya Kianglikana, au Buluba, kando ya Ziwa Viktoria, ilikofunguliwa huduma ya masista Wafransisko mwaka 1934, palihitajika pia kazi isiyotungiwa tenzi, nayo ni ya kushona viatu.

Haja ya viatu hivyo inatokana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Bakteria wa ukoma hushambulia ngozi pamoja na mishipa ya fahamu, yaani mishipa inayopeleka hisia kwenye ubongo, hivyo mkono au mguu hufa ganzi. Inasimuliwa kwamba Damien alitambua ameambukizwa siku alipojimwagia maji ya moto mguuni asihisi kitu. Kwa muda mrefu watu, waganga wakiwemo, waliamini kwamba nyama ya mgonjwa huoza yenyewe. Imani hiyo ilipingwa na Paul Brand, daktari mpasuaji aliyezaliwa India mwaka 1914 na wazazi wamisheni wa Kiingereza, akajifunza ujenzi na useremala kabla ya udaktari, kisha akarudi India mwaka 1946 kufanya kazi Vellore, ambako yeye na wenzake walionyesha kuwa vidonda vingi husababishwa na majeraha na mgandamizo ambao mwenye mguu hauhisi. Mtu mwenye hisia akiumia huchechemea, huegemea upande mwingine au huketi, ilhali mwenye ganzi huendelea kukanyaga palepale mpaka nyama ife kwa ndani, na ngozi ikija kupasuka, donda ndugu huwa limekwishajijenga.

Dawa haziondoi tatizo hili. Dapsoni, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1940, na mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, huua bakteria, lakini hisia zilizopotea zamani hazirudi, na hivyo mtu huambiwa amepona akiwa na nyayo zitakazokuwa hatarini maisha yake yote. Daktari anapomaliza, fundi ndiye anayeanza.

Fundi humsimamisha mteja juu ya karatasi, akauzungushia mguu kalamu, na akiwa na wino huchukua alama ya unyayo ili aone, kwa jinsi wino ulivyokolea, mahali uzito unapolemea. Kisha huunganisha tabaka mbili: juu raba laini ya sponji inayobonyea, chini soli ngumu, ambayo aghalabu ni kipande cha tairi, ili mwiba usipenye. Mpaka hapo kiatu hakiko mbali na makatambuga ya sokoni, isipokuwa katika jambo moja ambalo fundi wa sokoni hana sababu ya kulijali, kwamba hapa hapapigwi msumari hata mmoja, kwa kuwa msumari ukichomoza usiku wa leo, mwenye mguu atautembelea kutwa nzima ya kesho bila kujua. Kazi yote ni ya gundi na uzi wa msharasi, na mafundo ya uzi hukaa upande wa nje. Gidamu ya kupita kati ya vidole, kama ya kandambili, haifai, maana vidole vilivyolegea haviwezi kuishika, kwa hiyo hushonwa ukanda wa kuzunguka kisigino. Mwisho fundi hupitisha vidole vyake ndani ya kiatu, pole pole, akitafuta kivimbe au ncha, akihisi kwa niaba ya mguu usiohisi. Na iwapo yeye mwenyewe amewahi kuugua akapoteza hisia za vidole, itabidi mwenzake amkagulie.

Yohane Mbatizaji, katika Injili, alipotaka kutaja kazi duni kuliko zote alitaja ile ya kuinama na kulegeza gidamu ya kiatu cha mwingine. Makanisa mengi huadhimisha tendo la kuoshana miguu mara moja kwa mwaka, Alhamisi Kuu, huku kanisa zima likitazama. Fundi huinamia miguu siku za kazi, na kama kazi yake ni njema hakuna kinachotokea, kwani kidonda ambacho hakikutoka hakiingii katika ripoti yoyote. Kati ya wale kumi wenye ukoma waliotakaswa katika Injili ya Luka alirudi mmoja kushukuru. Fundi hana hata huyo mmoja.

Zaidi ya hayo, fundi asiyefikiri anaweza kudhuru. Viatu vyenye umbo la ajabu vimewatambulisha wavaaji wake njiani kuwa ni watu wa ukoma, na wengi, kwa haki kabisa, wameviacha chini ya kitanda wakatembea pekupeku. Huruma inayomwekea mtu alama ni huruma pungufu, na anayechagua rangi na mkato unaofanana na viatu vya kila mtu anatoa huduma ambayo mahubiri mengi hayajaifikia.

Sponji nayo hukandamizika na kuisha, kwa hiyo mteja hana budi kurudi, na benchi la fundi halikosi watu. Wala ufundi huu haukuishia kwenye ukoma: katika miaka ya 1960 Brand alihamia hospitali ya wagonjwa wa ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani, na elimu ya nyayo zenye ganzi ikawafaa pia wagonjwa wa kisukari, ambao wengi wao hupoteza hisia za miguu vilevile na kupata vidonda vilevile, nao ni wengi kuliko wa ukoma walivyopata kuwa katika kambi zote za misheni.