Rupia tano za Koyambedu: hesabu ya kutoka kwenye deni la kila siku

Kila alfajiri katika soko la Koyambedu, mjini Chennai, kusini mwa India, wachuuzi wa mboga, matunda na maua huanza kazi kwa mtaji wa kukopa. Mchuuzi wa kawaida hupokea rupia 1,000 kutoka kwa mkopeshaji, hununua mzigo, huuza kutwa nzima, na jioni huwa na takriban rupia 1,100 mkononi. Anarudisha 1,000. Juu yake analipa riba ya 50. Zinazobaki, nazo ni 50, ndizo za chakula, nauli, mafuta ya taa na ada ya mtoto. Kesho asubuhi anamrudia mkopeshaji yule yule.

Riba hiyo ni asilimia 5 kwa siku. Mchumi Sendhil Mullainathan na mwanasaikolojia Eldar Shafir waliisimulia hali ya wachuuzi hao katika kitabu chao Scarcity cha mwaka 2013, na walichokiona cha kushangaza si ukubwa wa riba peke yake. Ni kwamba wengi walikuwa wameishi hivyo kwa miaka karibu kumi, ilhali mlango wa kutokea ulikuwa wa rupia 5 tu kwa siku, takriban bei ya kikombe cha chai. Mchuuzi akitenga rupia 5 kila jioni na kuzitumia kesho yake kununua mzigo, atakuwa hana deni baada ya siku 50.

Msomaji makini atashtuka hapo. Rupia 5 mara 50 ni 250, na deni ni 1,000. Zilizobaki zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye riba ambayo haikulipwa. Siku ya pili mchuuzi anakopa 995 badala ya 1,000, kwa hiyo riba yake ni 49.75. Ameokoa robo ya rupia. Hizo paisa 25 hazili. Anaziongeza kwenye rupia 5 za siku hiyo, na mtaji wake mwenyewe unafika 10.25. Siku ya kumi ana takriban rupia 63. Ya ishirini ana 165, ya thelathini 332, ya arobaini 604, na ya arobaini na tisa 992. Kesho yake anapungukiwa rupia 8 tu, na jioni hiyo, ya hamsini, deni linaisha. Katika zile 992, alizozitoa mfukoni ni 245 pekee, yaani robo. Robo tatu zilizobaki zilikuwa za mkopeshaji, naye mchuuzi amezizuia zisitoke.

Hapa ndipo mashauri mengi ya kubana matumizi yanapokosea. Mtu huambiwa apunguze chai, apande daladala moja badala ya mbili, aweke sarafu kwenye kibubu, na mambo yatakuwa sawa. Tuchukue mchuuzi wa pili wa Koyambedu, mwenye nidhamu ile ile, anayetumbukiza rupia 5 zake kwenye kibubu cha nyumbani mpaka zifike 1,000. Atahitaji siku 200, na muda wote huo atakuwa akilipa riba ya 50 kila jioni, jumla rupia 10,000. Yule wa kwanza, hadi siku ya arobaini na tisa, atakuwa amelipa riba ya takriban 1,700. Wote wawili walijinyima kikombe kimoja cha chai kwa siku. Tofauti yao ni mahali zile rupia 5 zilipolala usiku.

Jambo la pili linaonekana ukibadilisha kiwango cha riba. Mkopo huo huo wa 1,000 ungetozwa asilimia 1 kwa siku badala ya 5, rupia 5 zingehitaji siku 111 kuumaliza. Mkopo unavyozidi kuwa ghali, ndivyo akiba ndogo inavyozidi kuwa na nguvu dhidi yake, maana kila rupia iliyorudishwa inazuia riba kubwa zaidi. Kwa mwenye madeni matatu, jibu la swali la aanzie wapi limo humo: aanzie kwenye deni linalokula zaidi kwa siku kwa kila rupia iliyokopwa, hata kama si lile linalomtia aibu zaidi.

Ikiwa hesabu ni nyepesi hivi, kwa nini watu hawatoki? Kuanzia mwaka 2007 Mullainathan, pamoja na Dean Karlan na Benjamin Roth, walilijaribu swali hilo waziwazi. Walikwenda kwa wachuuzi wa Chennai, na pia kwa wale wa Cagayan de Oro nchini Ufilipino, ambako mkopo wa sokoni hujulikana kama tano-sita: unakopa tano, unalipa sita. Baadhi ya wachuuzi, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walilipiwa deni lote. Hawakudaiwa hata senti, na faida ya kila siku ikawa yao nzima.

Wengi wao walirudi kwenye deni ndani ya wiki sita. Mwaka mmoja hadi miwili baadaye walikuwa wakikopa kwa kiasi kile kile cha wenzao ambao hawakusaidiwa.

Matokeo hayo yanauma, na ni rahisi kuyasoma vibaya kwamba maskini hawajui fedha. Maelezo ya Mullainathan na Shafir ni mengine, na yana mashiko zaidi. Mchuuzi aliyelipiwa deni ana mtaji wa 1,000 na hana kitu kingine. Mtoto akipata homa au ndugu akiwa na arusi inayodai zawadi, fedha pekee iliyopo ni ile ya mzigo wa kesho. Anaichukua. Asubuhi inayofuata hana mtaji, na mkopeshaji yupo pale pale. Msaada ulifuta deni lakini haukuacha akiba ya kupokea pigo la kwanza.

Kwa hiyo hesabu ya siku 50 ni sahihi, lakini ina pengo: inachukulia kwamba hakuna siku mbaya. Tuliweke pigo ndani yake. Siku ya thelathini mchuuzi ana 332, mtoto anaugua, na rupia 200 zinakwenda zahanati. Anabaki na 132, kiasi alichokuwa nacho karibu na siku ya kumi na saba. Amerudi nyuma siku kumi na tatu kwa jioni moja, na anayeona mwezi wa kujinyima umepukutika namna hiyo anaweza kabisa kukata tamaa.

Sasa tugawanye zile rupia 5. Tatu ziende kwenye mzigo, mbili ziingie kwenye kibubu cha dharura kisichoguswa kwa jambo jingine. Mtu angedhani kupunguza malipo kwa asilimia 40 kutarefusha safari kwa kiasi hicho hicho. Haiwi hivyo. Deni linaisha siku ya 59 badala ya 50, na kibubu kinakuwa na rupia 118. Bei ya kuwa na kinga ni siku tisa. Ukilinganisha na wale waliolipiwa deni lote kisha wakalirudia ndani ya wiki sita, hakuna namna nyingine ya kuzitumia siku tisa yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Swali linalofuata ni zile tano zitoke wapi kwa mtu ambaye chai yake ndiyo kifungua kinywa. Utafiti mmoja wa magharibi mwa Kenya unasaidia. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson waliwafuatilia wenye biashara ndogo na kuhesabu mauzo yaliyopotea kwa sababu moja tu: muuzaji hana chenji. Mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji anakimbilia jirani kuivunja, mteja anachoka na kuondoka. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, hasara hiyo ilifika asilimia 5 hadi 8 ya faida. Kwa anayebaki na 50 kwa siku, asilimia 8 ni 4. Karibu rupia tano zote zinaweza kupatikana kwa kubakiza sarafu za jioni kwa ajili ya asubuhi, bila mtu yeyote nyumbani kupunguziwa chakula. Uvujaji wa namna hii ndio wa kutafutwa kwanza: kutokuwa na chenji, nyanya zinazooza kwa kununuliwa nyingi mno Jumatatu, ada ya kutoa pesa kwa wakala mara tatu kwa siku wakati mara moja ingetosha.

Kibubu nacho kina ufundi wake. Robinson huyo huyo na Pascaline Dupas walifanya jaribio jingine magharibi mwa Kenya, miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangishana. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, waweke humo akiba ya afya. Baada ya mwaka, matumizi yao kwa vitu vya kinga, kama vyandarua, yalikuwa yamepanda kwa asilimia 66 hadi 75. Wengine walipewa sanduku lile lile, lakini ufunguo ukakaa kwa msimamizi na fedha ikawa ya vitu hivyo pekee. Sanduku hili la pili, kwa wastani, halikuongeza kitu. Watu hawakutaka kufungia mahali fedha ambayo wangeikosa siku ya dharura. Kilichofanya kazi ni sanduku linalofunguka lakini lenye kazi yake, ambalo mwenye nalo anaweza kumwambia shemeji anayeomba mkopo kwamba zilizomo ni za dawa. Lililofanya vizuri zaidi lilikuwa la kikundi: wanachama walioweka fungu la afya katika mchango wao wa pamoja waliongeza matumizi ya kinga kwa zaidi ya maradufu.

Zanzibar inalijua hilo kwa vitendo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la CARE lilipeleka katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, Unguja, mfumo wa kuweka na kukopa ulioanzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti, hivyo halifunguki bila mkutano. Kila mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano kwa mkutano, kulingana na wiki yake ilivyokwenda. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Riba hairudi kwa tajiri wa mjini. Inaingia sandukuni, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka, kila kitu hugawanywa kwa hisa. Mradi ulipomalizika, vikundi havikufa. Viliendelea kuongezeka vyenyewe, vikifundishana kijiji kwa kijiji, na miaka michache baadaye wanachama walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale walioachwa na mradi.

Ndani ya sanduku hilo kuna mfuko wa pili, wa jamii. Kila mtu huuchangia kiasi sawa, nao hutumika kwa ugonjwa na msiba. Hauchanganywi na fedha ya mikopo. Hizo ndizo rupia mbili za Koyambedu, zikiwa zimetengwa na watu ishirini badala ya mmoja, na ndiyo sababu homa ya mtoto haimrudishi mwanachama kwa wenye mikopo ya riba kali, iitwayo kausha damu.

Leo mkopeshaji wa alfajiri amehamia pia kwenye simu. Huduma ya Fuliza ya Safaricom, iliyozinduliwa Kenya Januari 2019, humruhusu mteja kukamilisha malipo ya M-Pesa hata salio lisipotosha. Pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Mama mboga anayepokea malipo ya wateja kwa simu anaweza kukuta mauzo ya mchana yamekwenda kulipa ya jana, kisha akafuliza tena ili anunue mzigo, na kila mara anapofuliza hutozwa ada ya takriban asilimia 1. Ni mzunguko ule ule wa Chennai.

Kuna pia ada ya kila siku, nayo haishuki shilingi kwa shilingi bali kwa ngazi. Kwa viwango vya mwanzo, deni la kati ya shilingi 501 na 1,000 lilitozwa shilingi 10 kwa siku, na la 101 hadi 500 lilitozwa 5. Aliyedaiwa 520 angeweza kuipunguza ada yake ya siku kwa nusu kwa kulipa shilingi 20. Oktoba 2022 ada zilishushwa, ngazi za chini hadi kwa nusu, na deni lisilozidi 1,000 likapewa siku tatu za mwanzo bila ada ya siku. Kwa mchuuzi anayeuza mzigo wake ndani ya siku mbili, kulipa kabla ya siku ya nne kunamwondolea kabisa gharama hiyo. Kuacha salio dogo lisiloguswa kwenye M-Pesa, ili asifulize kwa upungufu wa shilingi themanini, kunamwondolea ile ada ya asilimia 1.

Msomaji anayezungusha biashara kwa mkopo wa aina hii aketi jioni ya leo na kalamu, aandike kitu kimoja: kwa kila elfu niliyokopa, leo nimelipa ngapi? Jibu likizidi shilingi 10, atenge kiasi chochote anachoweza, apeleke sehemu kubwa kwenye mzigo wa kesho na sehemu ndogo kwenye kibubu cha dharura, na riba atakayoiokoa airudishe kwenye mzigo bila kuigusa. Asipime mafanikio yake katika mwezi wa kwanza. Kwa hesabu ya Koyambedu, nusu ya kwanza ya deni huchukua siku 37 na nusu ya pili huchukua 13.