Fundi wa Ofisi ya Walimu

Shule ikipata madarasa mapya, picha hupigwa. Matokeo ya darasa la saba yakipanda, hubandikwa ukutani na wazazi hupiga vigelegele. Lakini ipo kazi moja ya mwalimu mkuu ambayo haina picha wala kigelegele, nayo ndiyo inayonifanya nimvulie kofia: kuwakalisha pamoja walimu waliozoea kufundisha kila mtu peke yake, wakalichambua somo moja mpaka walielewe, kisha wakabadilisha namna wanavyofundisha.

Ugumu wake unaanzia mlangoni mwa darasa. Mwalimu wetu akiona mtu mzima amekaa nyuma na kalamu mkononi, anajua huyo ni mdhibiti ubora au afisa kutoka juu, na anajiandaa kujitetea. Kuangaliwa, kwake, ni kukaguliwa. Mwalimu mkuu mwenye ufundi hapambani na hofu hiyo kwa hotuba. Anaanza na kipindi chake mwenyewe. Anaweka andalio lake la somo mezani, anawaomba wenzake walikosoe, kisha anawakaribisha waje wamwone akifundisha. Akishakosolewa yeye na asinune, wa pili atajitokeza.

Wajapani wana zaidi ya karne moja katika utaratibu huu, wanaouita jugyō kenkyū. Walimu huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja hulifundisha, wengine husimama na madaftari yao wakifuatilia wanafunzi wanavyofikiri, bila kuwasaidia. Mwaka 1999 James Stigler na James Hiebert walieleza utaratibu huo katika kitabu chao The Teaching Gap, na nchi nyingi zikaanza kuufuatilia. Kenya ilikuwa imeanza mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, mradi wa SMASSE wa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, uliowafundisha kupanga, kufanya, kutazama na kuboresha. Tanzania tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayotaka walimu wakutane katika jumuiya za ujifunzaji hukohuko shuleni. Mwongozo unaweza kufika kwa barua. Mazungumzo yenye maana katika ofisi ya walimu yanahitaji mtu wa kuyaongoza.

Chukua somo la kutoa kwa kukopa, darasa la pili. Ubaoni kuna 52 – 27. Mwalimu anaeleza, anauliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia ndiyo. Akiwa mbele, hana namna ya kuona zaidi ya hapo. Waliosimama pembeni wanaona mengine. Mtoto wa dawati la tatu ameandika 35: ameona mbili haitoshi kutoa saba, akageuza, akatoa mbili kwenye saba, kisha mbili kwenye tano. Jirani yake amechora vijistari hamsini na viwili, akafuta kimoja kimoja, akapitiwa kidogo na kupata 26. Kalamu nyekundu ingewapa wote wawili mkasi mmoja. Kumbe wa pili anajua vizuri kutoa ni nini, ila hajaanza kuyatumia makumi. Wa kwanza anazichukulia tarakimu kana kwamba hazina nafasi. Ni watoto wawili wenye mahitaji mawili tofauti.

Hapo ndipo uongozi unapojionyesha. Walimu wakikaa baada ya kipindi, anayefungua mazungumzo ni yule aliyefundisha, ili asemee kazi yake kabla ya kusemewa. Mwalimu mkuu haulizi, "Mwenzetu alikosea wapi?" Anamgeukia mwalimu mgeni, mwenye miezi michache kazini, kabla ya wakongwe hawajayateka mazungumzo: "Madam, wewe uliyesimama dirishani, yule mtoto wa dawati la tatu aliandika nini?" Swali hilo linalitoa jicho la kila mtu kwa mwalimu na kulipeleka kwenye daftari la mtoto. Kisha ananyamaza na kusubiri, hata ukimya ukizidi. Mwisho wanakubaliana jambo moja dogo: kesho, katika mkondo wa pili, vijiti vifungwe mafungu ya kumi kumi, na kila mtoto afungue fungu kwa mikono yake kabla ya kuandika chochote. Jambo hilo linaandikwa, pamoja na jina la atakayelijaribu na siku ya kurudi kulizungumza.

Muda nao ni sehemu ya ufundi. Walimu wana madaftari ya kusahihisha, wana zamu, wengine wanaishi mbali. Mkuu mwenye busara haongezi kikao juu ya vikao. Matangazo anayabandika ubaoni, na saa iliyokuwa ya kusomeana matangazo anaitoa kwa ajili ya somo. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, saa hiyo imekuwa ya thamani zaidi, kwa sababu walimu wengi wanafundisha mambo ambayo wao hawakufundishwa hivyo.

Kipimo cha kazi hii kinakuja siku mwalimu mkuu anapopata uhamisho. Kama walimu wataendelea kukutana na kuingia katika vipindi vya wenzao bila kusukumwa, basi aliyeondoka alijenga. Kama kila mtu atarudi kufunga mlango wake, kazi ilikuwa bado changa, na anayekuja anapaswa kuiendeleza badala ya kuanza na mambo yake.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Kwenye mkutano ujao wa shule, tukishauliza kuhusu ufaulu na chakula cha mchana, tuulize pia: walimu wetu walikaa lini kuangalia somo pamoja, na walibadilisha nini baada ya hapo? Mwalimu mkuu mwenye jibu la swali hilo anastahili shukrani zetu hadharani, na tumpe.